Mchana hagusi chakula, usiku anabugia na kutapika: nitie jiko kufuli?

"Asalaam aleikum daktari. Naishi Barani, Malindi, na mama pamoja na mdogo wangu wa kike wa miaka 22. Tangu amalize kidato cha nne anakula muguka, ile miraa ya majani. Mwanzo alikula na wenzake, sasa hula peke yake chumbani kila siku kuanzia saa 4 asubuhi. Anasema unamzuia asinenepe, na harusi ya binamu yetu imekaribia. Mchana kutwa hagusi chakula, ni chai ya rangi na bigijii tu. Usiku tukishalala anaingia jikoni. Asubuhi nakuta sufuria ya wali imekombwa, mkate mzima haupo na sukari imeshuka kwenye kopo. Kisha nasikia bomba la bafuni limefunguliwa, na chini ya sauti ya maji anatapika. Nimekuta sanamaki, ile dawa ya kuharisha, chini ya godoro lake. Si mwembamba, mwili wake wa kawaida tu, ndiyo maana mama hasadiki kwamba ni mgonjwa. Wiki iliyopita alianguka bafuni, akasema ni kizunguzungu. Kaka yetu alitumia unga wa kulevya (heroini) miaka mingi, sasa anakunywa methadone, dawa ya kutibu uraibu huo, na ametulia. Yeye anasema huyu ana uraibu wa muguka na wa chakula pia, tutie jiko kufuli na tumpeleke kituo cha waraibu, maana yeye mwenyewe alipona kwa kukaa mbali kabisa na maskani yake. Mama anasema ni jini, asomewe. Nianze na kipi, muguka au chakula? Na nikifunga jiko nitakuwa nimemsaidia?"

Waaleikum salaam, dada. Nitayafikia yote, kufuli likiwemo. Lakini naanza na lile uliloliandika kwa kupita tu, kwamba alianguka bafuni.

Anayetapika mara kwa mara na kujiharisha kwa dawa hupoteza potasiamu, ile chumvi ya mwilini inayouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio. Kipimo cha kawaida katika damu ni kati ya 3.5 na 5.0 (milimoli kwa lita). Kikiwa chini ya 3.0 si jambo la kuachia mpaka wiki ijayo, na chini ya 2.5 ni dharura hata kama mgonjwa anatembea na kucheka. Juu ya hapo weka muguka, unaoupa moyo mbio na kupandisha presha. Moyo uliopungukiwa na chumvi yake ndio huo huo unaohimizwa ukimbie. Kwa hiyo mwenye matatizo haya mawili kwa pamoja yuko hatarini zaidi kuliko mwenye moja, na sitaki tuyazungumze mbalimbali. Huenda alianguka kwa kupungukiwa maji tu, au sukari ilishuka. Kwa macho hatuwezi kujua, lazima damu ipimwe.

Mwende hospitali kesho asubuhi. Mkifika kwa daktari au afisa wa kliniki, msiishie kwenye "ana kizunguzungu", kwa sababu kizunguzungu kina sababu mia na atatafuta ile ya kawaida. Semeni yote manne kwa mpigo: anatapika kwa makusudi, anakunywa sanamaki, anakula muguka kila siku, na wiki iliyopita alianguka. Vinavyohitajika ni kupima potasiamu, sodiamu, magnesiamu na fosfeti, hali ya figo, sukari, wingi wa damu na ujauzito, presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, na umeme wa moyo, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani. Fedha zikiwa chache, potasiamu na umeme wa moyo vitangulie. Nawajua watu wa kwetu: utaambiwa mnywesheni dafu. Dafu lina potasiamu kweli na ni kinywaji kizuri, lakini kwa potasiamu iliyoporomoka halitoshi. Hiyo hurudishwa kwa vidonge au kwa dripu inayosimamiwa.

Akizirai tena, moyo ukimpiga ovyo, misuli ikikakamaa, akitapika damu, akishikwa na maumivu makali ya kifua baada ya kutapika, au akisema hataki kuishi, hamsubiri asubuhi. Mnakwenda usiku huo huo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Unaitwa bulimia: kubugia chakula kisha kujitapisha au kujiharisha. Aliyeuandika kwanza kitaalamu ni Gerald Russell, daktari wa akili wa London, mwaka 1979, na jambo alilolisisitiza ndilo linalompotosha mama yenu: wengi wa wagonjwa hawa uzito wao ni wa kawaida. Hawakondi hadi mifupa ionekane. Dalili ziko kwingine. Atakapokupokea kikombe cha chai, tazama mgongo wa mkono anaoupendelea, juu ya vifundo vya vidole. Mara nyingi huwa na kovu dogo au ngozi iliyosugulika, pale meno yanapogusa anapojitapisha. Tazama mashavu yake chini ya masikio, yanaweza kuvimba kama ya mwenye matubwitubwi. Meno ya mbele ya juu huliwa na asidi upande wa ndani na kuanza kukubali baridi vibaya. Tazama mara moja, ukiwa unazungumza naye mambo mengine. Usimkague.

Kaka yenu anauita uraibu wa chakula. Namwelewa, na kuna ukweli ndani yake. Kiswahili chenyewe kimeyaweka maneno jirani, kubwia unga na kubugia chakula. Anayebugia usiku hufanya kwa siri, huahidi jana ndiyo ya mwisho, huhisi kwamba mkono unakwenda wenyewe, kisha huja aibu, na aibu humrudisha pale pale. Njia za raha katika ubongo, zile za dopamini, hushiriki katika yote mawili. Matatizo haya hukutana sana katika mtu mmoja, hasa kwa wanaobugia na kujitapisha kuliko kwa wanaojinyima tu, na tabia ya kuingia katika uraibu hupita katika damu ya ukoo. Kwamba kaka na dada wa nyumba moja mmoja alishikwa na unga na mwingine na hili halinishangazi, na si kosa la mama.

Lakini kaka anakosea kwenye chanzo. Unga uliingia mwilini mwake, ukajenga mahitaji yake, na alipokaa mbali nao mahitaji yakaanza kulala. Chakula hakikumshika mdogo wako hivyo. Kilichomshika ni kukikosa.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa wiki 24. Hawakunyimwa kabisa, walipewa kama nusu ya walichozoea. Hakuna aliyekuwa na tatizo la kula kabla ya hapo. Ndani ya miezi michache wakawa hawazungumzi wala hawaoti kitu kingine isipokuwa chakula. Walikusanya vitabu vya mapishi, walilamba sahani. Walitafuna bigijii pakiti juu ya pakiti, na kahawa wakainywa kwa kiasi ambacho ilibidi iwekewe kikomo cha vikombe 9 kwa siku. Baadhi yao walitoroka wakabugia, kisha wakaumwa na majuto. Chakula kiliporudishwa, kuna waliokula wiki kadhaa bila kuhisi wameshiba. Soma tena barua yako, dada: chai ya rangi, bigijii, sufuria iliyokombwa. Mdogo wako anafanya yale yale waliyoyafanya vijana wale, na wao walikuwa na njaa tu.

Wachunguzi wa panya nao wameona jambo linalofanana. Panya anayenyimwa chakula kwa saa nyingi kila siku, kisha akapewa maji ya sukari, huanza kuyabugia na kuonyesha dalili kama za uraibu. Panya mwenye sukari hiyo hiyo mbele yake kutwa kucha hafanyi hivyo. Na kuna la pili linaloihusu nyumba yenu moja kwa moja: mnyama mwenye njaa hutafuta dawa za kulevya kwa bidii zaidi kuliko aliyeshiba. Njaa huuchochea ubongo utafute chochote kitakachotuliza. Ndiyo maana nasema muguka na sufuria ya usiku mzizi wao ni mmoja.

Muguka unaingiaje hapo? Ndani ya majani yake mabichi mna kathinoni, kemikali iliyo ndugu wa karibu wa amfetamini, dawa ya kusisimua mwili. Kathinoni hupotea majani yanapokauka, ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana magari kutoka Embu, unakolimwa, hukimbia usiku kucha yawahi Pwani asubuhi. Huziba njaa, huchelewesha chakula kutoka tumboni na hufukuza usingizi. Amfetamini yenyewe, katikati ya karne ya 20, iliandikiwa watu huko Marekani na Ulaya kama dawa ya kupunguza mwili, mpaka madaktari walipoona inawaacha wengi na uraibu. Kwa hiyo mdogo wako hakukosea kwamba muguka unazuia kula. Alichokosa kuambiwa ni kwamba njaa haifi, inasogezwa tu mbele. Saa 4 anaanza kutafuna, mpaka saa 12 jioni mwili umekaa bila kitu. Handasi, ule mchangamko wa muguka, inaposhuka usiku, njaa ya siku nzima inafika kwa pamoja, na inamkuta mtu aliyechoka, asiye na usingizi na aliyenyong'onyea moyo. Hapo hakuna nia inayoshinda. Anabugia, anaogopa, anatapika, anaapa kwamba kesho hatakula kabisa, na cha kumsaidia asile kesho ni nini? Muguka.

Kwa hiyo kufuli, hapana. Ukitia kufuli unarefusha njaa, na njaa ndiyo inayobugisha. Atanunua mandazi dukani ale barazani gizani, au ataiba, na sasa atakuwa na aibu mbili. Tofauti kubwa na kaka ni hii: unga unaweza kuuacha ukaishi, chakula huwezi. Mtu wa unga huambiwa asiguse hata kidogo. Huyu dawa yake ni kugusa, kwa wakati, kila siku, pamoja na hivyo vyakula anavyoviogopa. Ukimsaidia kupiga marufuku mkate na wali, umeisaidia bulimia. Kama kufuli limeshatiwa, litoe leo. Mnachoweza kufanya kwa heshima ni kupika cha kuliwa siku hiyo ili usiku jikoni pasiwe na sufuria kubwa ya kiporo, na awepo mtu macho mpaka saa 4 au 5 usiku, wa kupiga naye soga.

Mwambie pia ukweli kuhusu sanamaki, maana wengi wanaoinywa hawaujui. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, mwisho wa safari. Chakula kinafyonzwa kabla ya hapo, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi. Mzani unashuka kwa sababu ya maji, na siku mbili tatu yanarudi. Kutapika nako hakurudishi vyote, sehemu kubwa ya alichokula inabaki. Analipa kwa moyo, figo na meno, na anachokinunua hapati. Akiacha sanamaki ghafla, mwili uliozoea kukaukiwa utashika maji: miguu na uso vitavimba, wiki moja hadi tatu. Asipoonywa mapema ataamini amenenepa na atairudia. Kwa hiyo apunguze hatua kwa hatua akisimamiwa na mhudumu wa afya, anywe maji ya kutosha, apumzike akiwa ameinua miguu, na asinywe dawa za kukojoza maji hata kidogo. Akitapika, asipige mswaki hapo hapo, kwani meno yamelainika na asidi. Asukutue kwa maji, mswaki usubiri saa moja.

Umeuliza tuanze na kipi. Chakula kinatangulia, lakini muguka haungoji mpaka chakula kipone. Viwili hivi vikiachanishwa, kimoja humvuta mwenzake. Akiacha muguka leo bila mpango wa kula, njaa itarudi kwa kishindo, atabugia zaidi, atauona mwili unabadilika na kesho kutwa ataufuata muguka kwa muuzaji. Akitengeneza kula huku muguka unaziba njaa kutwa, hatakula. Wiki mbili za kwanza, basi, lengo ni moja: ale mara mbili kabla ya jani la kwanza.

Kwa ratiba ya nyumba ya Malindi namaanisha hivi. Ndani ya saa moja baada ya kuamka, tuseme saa 1, uji wa maziwa au mahamri mawili na mbaazi. Kabla ya saa 4, ndizi mbivu na njugu, au yai na kipande cha mkate. Saa 7 mchana, wali, samaki na mchicha, kiasi wanachokula wengine, sahani ile ile. Saa 10 alasiri, muhogo au viazi vya karai na chai yenye maziwa. Baada ya magharibi, chapati na maharage. Kabla ya kulala, gilasi ya maziwa au mtindi. Nafasi kati ya mlo na mlo isizidi saa 4. Siku za mwanzo tumbo litajaa upesi na kuunguruma, kwa sababu limezoea ama utupu ama kufurika. Apewe kidogo lakini asiruke. Akibugia usiku, asubuhi yake anakula uji wake kama kawaida. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: hufidia kosa la usiku kwa kufunga mchana, na gurudumu linaanza upya. Saa moja baada ya kula ndiyo ngumu kuliko zote. Mtafutie kazi ya mikono na mtu wa kukaa naye, kusuka nywele, kuchambua mchele, kutembea hadi ufukweni. Usisimame mlangoni mwa bafu.

Mpe daftari, aandike mwenyewe, asisomewe na mtu bila ruhusa yake. Mistari inatosha: "Saa 1, mahamri moja na chai. Saa 5, muguka. Saa 8, sikula. Saa 6 usiku, wali wote, nimetapika. Nilikuwa nimegombana na mama." Baada ya siku kumi ataona mwenyewe kwamba usiku mbaya hufuata mchana mtupu, na hilo akiligundua kwa mkono wake lina nguvu kuliko akiambiwa na sisi wote.

Muguka upunguzwe baada ya milo kushika kidogo. Kwanza kuusogeza mbele, kutoka saa 4 hadi baada ya chakula cha mchana. Kisha kupunguza robo ya kiasi kila siku nne hivi, na asitafune peke yake chumbani. Arosto ya muguka, yaani mateso ya kuuacha, si ya hatari kama ya pombe wala ya mateso kama ya unga: ni usingizi mzito, uchovu, hasira za karibu, huzuni, ndoto mbaya na hamu kubwa ya kula, kwa siku kadhaa hadi wiki mbili. Hiyo hamu ya kula ni mwili unaodai haki yake. Jambo moja la kumuuliza kwa upole: usiku hutumia nini apate usingizi? Wengi hushusha handasi kwa pombe au vidonge vya usingizi. Kama anatumia vidonge hivyo, au anakunywa pombe kila siku, asiviache kwa ghafla nyumbani, anaweza kupata kifafa. Hilo liende kwa daktari. Wala msiikalie sheria mkisubiri. Mei 2024 Kaunti ya Kilifi ilipiga muguka marufuku, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na muuzaji yuko pale pale.

Kuhusu dawa. Ipo inayosaidia bulimia, fluoksetini, na kipimo kilichoonyesha faida ni miligramu 60 kwa siku, mara tatu ya kile cha kawaida cha huzuni. Daktari huanza chini na kupandisha. Hupunguza kubugia na kutapika, lakini peke yake mara nyingi haitoshi. Bupropioni, inayotumika kwa huzuni na kuacha sigara, asipewe, kwa sababu kwa mwenye bulimia huongeza uwezekano wa kifafa. Daktari asipojua kwamba anatapika anaweza kumwandikia kwa nia njema. Na kwa nyumba nyingine za hapa, maana Malindi ina kliniki ya methadone tangu 2015 na barua zinakuja: methadone huweza kuvuruga umeme wa moyo, na potasiamu ikiwa chini hatari hiyo inaongezeka. Aliye kwenye methadone akiwa anajitapisha, wauguzi wake lazima waambiwe. Halafu, kama kaka yenu alipoacha unga alipenda sana sukari na akanenepa, hilo ni la kawaida, na mtu asimtanie kwalo.

Mama anataka asomewe. Mwache asomewe, dada. Dua na Qur'ani humtuliza mtu, na mama akiona imani yake imeheshimiwa atakuja hospitali pamoja nanyi. Mpaka uwe huu tu: asipewe dawa ya kutapisha wala ya kuharisha, na asiambiwe afunge. Na tukitaja kufunga, swaumu ya Ramadhani ina umbo lile lile la ugonjwa wake, mchana mtupu na usiku wa kula. Kwake mwaka huu ni mtego. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwende kwa sheikh mnayemwamini mkiwa na maneno ya daktari mkononi, ili ale bila kujificha na bila kuhisi ameasi.

Kumwambia ni kazi yako, kwa kuwa wewe ndiye uliyesikia. Mchukue mkiwa wawili, asubuhi, kabla ya muguka, si usiku uliomfumania. Mwambie ulichokiona, si unavyomhukumu: "Nimekusikia usiku. Sikuja kukugombeza. Naogopa moyo wako, kwa sababu ulianguka. Twende tupime damu." Usizungumzie mwili wake, hata kwa sifa. Ndani ya nyumba "umejaa" na "umekonda" vikome kabisa, na nguo ya harusi ishonwe kwa mwili alio nao sasa. Akikataa, usimburure, ana miaka 22. Mwombe kipimo cha damu tu, bila ahadi nyingine, na urudie tena baada ya siku mbili. Kama kuna jambo alilotendwa na mtu, na kwa wasichana wenye hali hii wakati mwingine huwa lipo, atalisema siku atakayoona hakuna anayemharakisha. Asiulizwe mbele ya watu.

Na kituo cha waraibu? Kwa sasa nisingeanza hapo. Vituo vingi vimejengwa kwa ajili ya unga na pombe, na vina watu wanaojua kazi hiyo vizuri. Lakini mwenye bulimia akitolewa muguka na kuachwa peke yake na sahani yake, kutapika huzidi, na kwa kuwa muguka umeisha wote wanaamini amepona. Mkilazimika, kiulizeni kituo maswali haya kabla ya kulipa: wanaweza kupima potasiamu kila wiki? Wanatumia kunyimwa chakula kama adhabu? Watu hupimwa uzito mbele ya wenzao? Baada ya kula hukaa wapi? Majibu yatawaonyesha.

Tiba yenye ushahidi zaidi ni ya mazungumzo inayoshika milo na mawazo kwa pamoja, mara moja kwa wiki, vikao 16 hadi 20. Wataalamu wa hasa wa matatizo ya kula ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, ingawa baadhi huonana na wagonjwa kwa simu. Muuguzi wa afya ya akili wa karibu nanyi anaweza kuanza naye milo na daftari kama nilivyoeleza, na kwa upande wa muguka simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192. Tarajieni kuona kubugia na kutapika kumepungua kwa kiasi kinachoonekana ndani ya wiki 4. Kama hakuna badiliko kabisa, msingoje vikao viishe, ombeni dawa iongezwe au mpelekwe kwa daktari wa akili. Atateleza, hasa siku za harusi na akigombana na mtu. Kuteleza usiku mmoja si kurudi mwanzo, mradi asubuhi ale.

Kaka msimtoe katika hili. Anajua arosto, anajua siri, anajua uchungu wa kutazamwa kwa jicho la pembeni, na mdogo wake anaweza kumsikiliza kuliko sisi. Mwelezee tu kwamba kwa huyu jiko liwe wazi. Kesho asubuhi atakwenda kunywa methadone yake kama kila siku. Mnywe uji kwanza, kisha mwende naye.